Kulwa Aliniambia

Mwenye kipaza sauti, usiniharakishe. Wachezaji bado wanapasha misuli, marefa wanakunywa maji, na mimi nimepewa dakika kumi. Nikizidisha mtanivumilia, maana hiki ninachokuja kusema nimekaa nacho miaka.

Kwa msionijua, mimi ni Adventina. Nilikuwa nahodha wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya kiwanda cha minofu, jezi namba saba, na fainali yetu ilivunjikia kwenye uwanja huu huu. Nimezaliwa Muleba, upande wa Bukoba, nimekulia Mabatini hapa Mwanza. Watu wa Bukoba mliokaa upande ule, najua mnasema niliwasaliti kwa kuchezea Mwanza. Leo nina kosa kubwa kuliko hilo, kwa hiyo lile liwekeni pembeni kwanza.

Ushuhuda wa kupona kwangu nimeshatoa. Nimetoa kanisani mara tatu, nimetoa redioni, nimetoa mpaka kwenye kikao cha harusi ambako hakuna aliyeniomba. Kila mara watu walipiga makofi, na kila mara niliruka sehemu moja. Leo siiruki.

Kabla ya kuumwa nilikuwa na afya ya kuudhi watu. Alfajiri nakimbia kutoka Mabatini mpaka Igoma na kurudi, nakula kiporo cha ndizi, saa moja niko kiwandani napanga minofu ya sangara kwenye barafu. Jioni mazoezi. Sijawahi kulazwa hata siku moja. Dada yangu Koku akisema kichwa kinamuuma, nilikuwa namwambia anadeka.

Mwaka ule tulifika fainali na Bukoba. Ilikuwa ya michezo mitano, na anayeshinda mitatu anabeba kombe. Sisi tulishinda miwili hapa, wao wakashinda miwili kwao. Mchezo wa tano ulipangwa hapa, na siku tatu kabla yake michezo yote nchini ikasimamishwa kwa sababu ya Korona. Tukaambiwa tusubiri. Tukasubiri wiki, tukasubiri miezi. Ndege za kubeba minofu zikaacha kuja, kiwanda kikapunguza watu, na timu ya wachezaji kumi na wawili ikabaki na saba. Michezo iliporuhusiwa, chama kikapanga tarehe, kikaahirisha. Kikapanga nyingine, kikaahirisha tena. Halafu ikaja barua: hii ya tatu ndiyo ya mwisho, na timu itakayokutwa na mgonjwa, mchezo hauchezwi na fainali yote inafutwa.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Nilishapoteza fainali tatu, na magoti yangu yalikuwa yameanza kupiga kelele nikipanda ngazi. Nilijua sitapata nafasi nyingine ya kulishika kombe. Nililitaka mpaka nikawa siwezi kula vizuri.

Siku kumi kabla ya mchezo, baada ya mazoezi, Kulwa alinivuta pembeni. Kulwa mnamkumbuka. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mtoto wa wafugaji wa Misungwi, mpole, na alikuwa na shabaha kuliko sisi wote.

Akaniambia, "Nahodha, nina homa tangu jana. Na chakula sisikii harufu yake, hata dagaa."

Nikamwambia hayo ni mafua ya upepo wa ziwani. Akasema afadhali tumwambie kocha. Nikamshika mkono, nikamwambia kocha akijua atalazimika kukiandikia chama, na akiandika tumekwisha. Akaniuliza, "Na wewe ukiugua je?" Nikamjibu kwamba mimi siugui. Nilisema hivyo hivyo, kwa mdomo huu.

Kesho yake nikawaita wenzangu wote sita nyumbani tujifukize. Mnakumbuka kila nyumba ilivyokuwa inanuka mchaichai siku zile. Nilichemsha sufuria kubwa la shughuli: mwarobaini, mchaichai, majani ya mpera, tangawizi, malimau. Nikalileta uani, nikatoa blanketi langu zito. Tukaingia kwa zamu, wanne kisha watatu, vichwa vimegusana, tunavuta mvuke na kukohoa humo humo. Zamu ya kwanza nilikaa na Kulwa. Nililishika blanketi kwa mikono yote miwili, nikalibana chini kwa magoti ili mvuke usitoke. Tulitoka tumelowa, tunacheka, tukasema tumepona. Tulirudia mara mbili.

Jumanne iliyofuata nikaamka mwili mzima umevunjika, hata nywele zinauma. Nikameza vidonge vya homa, nikaenda mazoezini. Jumatano chai ikawa maji ya moto tu, haina ladha. Alhamisi nikapanda ngazi sita za pale nyumbani, nikakaa kwenye ya nne. Koku akaniuliza nina nini. Nikamwambia anadeka yeye. Alinitazama tu, maana aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ni mimi.

Jumamosi nikacheza. Na nilicheza vizuri, mtakubali. Robo ya pili nikaona kucha zangu zimekuwa za zambarau. Nikadhani ni baridi, na ilikuwa saa kumi, jua linachoma. Robo ya tatu nikawa nahema kwa mabega. Ya nne nikawa nasikia kelele zenu kwa mbali, kama redio ya jirani.

Zilibaki sekunde kumi na tisa. Sitini na moja kwa sitini na moja. Nikaingia chini ya goli, mlinzi wao akanigonga kiwiko, refa akapuliza. Mitupo miwili ya adhabu. Nikasimama mstarini, nikadunda mpira mara tatu kama kawaida yangu. Nilipouinua, goli lilikuwa linasogea nyuma. Nikaanguka kifudifudi, nikapasua mdomo, nikajikojolea. Waliokuwa viti vya mbele mliona. Nasema mwenyewe, msije mkahangaika kunong'ona.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Nilimwagiwa maji. Mmoja akasema ni uchovu, mwingine akasema njaa, kocha akaagiza glukosi. Walitaka kunilaza kivulini nyuma ya vyoo ili mchezo uendelee. Refa akasema mchezaji wa akiba apige mitupo yangu. Sasa mwenzetu mmoja alishatolewa kwa makosa matano, na benchini alibaki Kulwa peke yake, amevaa sweta kwenye jua lile. Nilimweka pale kujaza idadi tu.

Kulwa akasimama, akavua sweta, akatembea mpaka mstarini. Akapewa mpira. Alikuwa na uwezo wa kuitia yote miwili akiwa amefumba macho, na angeitia tungechukua kombe. Akakohoa. Refa akamuuliza kama anaumwa. Kulwa akamrudishia mpira.

Akasema, "Naumwa wiki ya pili sasa. Na yule aliyelala pale anaumwa huo huo. Mpelekeni hospitali, msimpe glukosi."

Refa akauliza kama kuna aliyejua. Kulwa aliniangalia nilivyolala chini. Hakujibu.

Mchezo ukavunjwa, na ninyi mnajua mlichofanya. Mlimrushia chupa. Mlisema kanunuliwa na Bukoba. Siwasemi peke yenu, maana mimi ningeweza kusimama ningerusha ya kwanza.

Nilifikishwa hospitali kabla jua halijazama. Wakanibana kidole na kile kidude cha kupima hewa, daktari mmoja wa kike akakitazama, akakivua, akakibana kwenye kidole kingine akidhani cha kwanza kimekosea. Picha ya kifua ilionyesha mapafu yamechafuka pande zote. Wakaniwekea oksijeni, wakanilaza kifudifudi, na mkao huo nilikaa siku nyingi, shavu moja kwenye shuka, mate yananitoka. Nilichomwa sindano tumboni kila siku ili damu isigande, tumbo likawa na madoa ya bluu. Haja zote kwenye beseni, na mtu wa kunifuta. Kuvuta pumzi moja ilikuwa kazi ninayoimaliza na kukuta nyingine inanisubiri. Kitanda cha pili kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa ananiita mwanangu ingawa hakunijua. Siku moja asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa upya. Niliogopa, jamani. Sijawahi kuogopa vile.

Nilipoweza kutoa sauti, Koku alikuwa mlangoni amefunika mdomo na pua, haruhusiwi kusogea. Mngedhani nitamshukuru Mungu. Nilimuuliza, "Kulwa alipiga ile mitupo miwili?"

Koku akasema mpira ulivunjwa na fainali imefutwa. Nikalia kwa hasira mpaka mashine ikaanza kupiga kelele na muuguzi akaja mbio.

Daktari aliniambia jambo moja siku ya kuniruhusu, baada ya siku ishirini na tatu. Alisema, "Dada, ungelala nyumbani usiku ule mmoja, tusingekuwa tunaongea hapa. Aliyesema uletwe hospitali amekupa uhai." Nikamwitikia ndiyo. Nilijua ni nani. Na bado nilikuwa nimemkasirikia.

Nilirudi nyumbani nimebaki mifupa. Nywele zilitoka kwa mafungu kwenye kitana. Nilijifunza kutembea mpaka chooni, kisha mpaka getini, kisha mpaka duka la kona, huko nakaa kwenye kreti ya soda kabla ya kurudi. Igoma nimeifikia kwa mguu baada ya miezi minane. Watu wakaanza kunieleza kwa nini nimepona. Wengine wakasema ni mazoezi, wengine ni mvuke. Ule mvuke, ndugu zangu, ndio tuliougulia. Tuliugua watano kati ya saba, na blanketi lilikuwa langu. Nilinyamaza. Nikaitwa shujaa, nikaitika.

Ligi iliporudi, Kulwa alikuja mazoezini. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na fimbo yangu. Hakuna aliyemtukana, na kocha hakumfukuza. Ila hakupewa mpira. Alikimbia uwanja mzima siku tatu, yuko wazi, mkono juu, na hakuna aliyempa pasi hata moja. Neno langu moja lingetosha. Nilitazama viatu vyangu. Siku ya nne hakuja.

Nimechukia vitu vingi tangu wakati ule. Nimelichukia lile kombe ambalo viongozi wa chama mmelifungia kabatini kama vile litaoza likionekana. Nimezichukia zile sekunde kumi na tisa. Ninyi wa chama nimewaandikia barua mlitoe kombe, hamjajibu. Mwezi uliopita nikachoka kuchukia visivyohusika, nikapanda gari kwenda Usagara.

Kulwa ana kibanda pale njia panda, anauza machungwa na maji kwa wasafiri. Aliniamkia kabla sijashuka vizuri.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Akanimenyea chungwa. Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha. Nililia, watu wa kwenye basi wakawa wanachungulia madirishani. Yeye aliendelea kumenya, ganda moja refu bila kukatika.

Akasema, "Mimi nilishakusamehe, dada. Ila hapa tuko wawili. Walionirushia chupa walikuwa wengi. Kawaambie wao."

Nikamwomba aje leo, asimame na mimi. Akakataa. Alisema hawezi kufunga kibanda kwa ajili ya watu ambao hawakumpa hata pasi. Akaniambia ikiwa kweli nitasema, habari zitamfikia, kwa sababu hakuna mtu wa huku asiyepita Usagara.

Basi nimesema. Kulwa aliniambia mapema, nikamnyamazisha. Alipoulizwa nani anajua, hakunitaja, na amebeba jina la msaliti kwa ajili yangu mpaka leo. Hakununuliwa na mtu. Alikuwa na kombe mikononi mwake, akaliacha ili mimi nipelekwe hospitali.

Namshukuru Mungu aliyeniachia pumzi. Nawashukuru madaktari, wauguzi, na dada yangu Koku ambaye sasa akisema kichwa kinamuuma namtafutia dawa. Na ninyi mabinti mnaopasha misuli pale, mmoja wenu akikuvuta pembeni akakwambia anaumwa, usimpe jibu langu. Mwache aseme, msikilize, mpeleke hospitali. Mchezo ukifutwa utakasirika sana. Mimi nimekasirika miaka yote hii na bado naamka asubuhi.

Nimemaliza, kipaza sauti chukua. Ila ninyi wa Bukoba, nina ombi. Jioni mkirudi kwenu mtapita Usagara kabla ya kulifikia daraja la Busisi. Mwambieni dereva asimame njia panda. Kuna dada mrefu anauza machungwa, mkono wa kushoto, kibanda cha bati la kijani. Mnunue chungwa, na mmwambie nahodha amesema.