Mawese Yaliyoganda Bulyaga

Biashara ilipofunguliwa na kila mtu kuruhusiwa kuuza alichoweza kupata, mama yangu alianza kuleta mawese kutoka Kyela. Nilikuwa darasa la saba. Kule chini kwenye joto aliyapakia yakiwa mekundu, yanamiminika vizuri. Yalipokaa siku mbili kwetu Bulyaga, kwenye baridi ya Juni, nusu ya chini ya dumu ikawa kitu kizito cha rangi ya boga, chenye chengachenga.

Bibi mmoja wa Kawetele alikuwa wa kwanza kurudisha chupa yake. Aliiweka mezani mbele ya wateja wengine.

"Mama, umetuchanganyia uji."

Mama aliapa kwamba hajaongeza kitu. Nikachemsha maji, nikayamimina kwenye beseni ili niisimamishe chupa humo ipate joto kama la Kyela.

"Ngoja kwanza," bibi akasema. "Chupa nyingine tia uji wa kweli. Tuone zote mbili."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Tukachanganya mawese mepesi na uji wa asubuhi, tukaziweka chupa zote mbili kwenye beseni, watu wakainama kutazama. Ya bibi ilianza kung'aa pembeni, chenga zikayeyuka kidogo kidogo, hadi nikauona uso wake upande wa pili, mwekundu. Katika ile nyingine, uji ulibaki umelala chini vilevile.

"Nisamehe, mwanangu," bibi akamwambia mama. Kisha akanigeukia, akanishukuru kwa kilugha chetu. "Ndaga, mjukuu wangu, asante. Ila niambie, yale mazito yalikuwa nini? Hayakuwa maji, wala hayakuwa jiwe."

"Shuleni tumefundishwa yabisi, kimiminika na gesi," nikasema. "Sijui, bibi."

Kesho yake nilimpelekea mwalimu chupa iliyoganda. Aliigeuzageuza mapumziko yote.

"Hata mimi nilifundishwa hizo tatu tu," akakiri.

Wiki iliyofuata alikuwa ameulizia Mbeya. Mawese si mafuta ya aina moja, akanieleza. Ni aina kadhaa pamoja, na kila moja ina joto lake la kuyeyuka. Kwenye baridi yetu baadhi huganda, mengine hubaki majimaji.

Jumamosi nilitembea hadi Kawetele. Bibi alikuwa akipukuchua maharage, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yalikuwa maji na jiwe kwa pamoja?"

"Yote mawili, bibi."

Akaingia ndani, akatoka na chupa ya asali iliyoganda.

"Na hii je?"