Tangazo Halikusomeka Siongiroi, na Mimi Ndiye Niliyelibana

Wapendwa wa ukurasa huu, naomba mfiche jina langu na la ofisi yetu. Nina miaka ishirini na minne, sijaolewa, nimesomea kompyuta hadi diploma. Kwetu ni Boito, ila nafanya kazi mjini Kericho katika ofisi kuu ya chama cha wafugaji. Mwisho wa mwezi mama mmoja atafukuzwa kazi kwa kosa langu, na tunaojua ni mimi na yeye tu.

Chama kina tovuti, niliitengeneza mimi. Inakaa kwenye mashine ya kampuni ya ng'ambo inayotupangisha nafasi. Kila Jumatatu asubuhi naweka humo tangazo la daktari wa mifugo: soko gani liko wazi, lipi limefungwa kwa ugonjwa. Ofisi zetu ndogo hufungua ukurasa kwa laini ya simu, huuchapisha na kuubandika kwenye lango la soko. Wafugaji wanaiamini karatasi hiyo kuliko redio.

Shida ilikuwa mwendo. Ukurasa mmoja ulichukua dakika nne kufika. Nikasoma mahali kwamba mashine ya ng'ambo inaweza kubana kurasa ziwe ndogo kabla ya kuzituma, kisha kompyuta inayopokea inazifungua yenyewe. Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta machaguo mawili: kubana kurasa za wale tu ambao programu zao zinajua kuzifungua, au za wote. Nilichagua wote. Sikuuliza ofisi yoyote inatumia programu gani. Nilijaribu kwenye kompyuta yangu, ambayo ni mpya, ukurasa ukatokea chini ya dakika moja. Meneja akaita wenzake waje waone. "Huyu msichana ametutoa kwa punda akatupandisha ndege," alisema. Walicheka, nami nikajiona nimefika.

Jumatatu iliyofuata simu ililia. Alikuwa Mama Chelangat, karani wetu wa Siongiroi, mama wa miaka hamsini na kitu ambaye zamani alikuwa mpiga taipu. Kompyuta yake ni kuukuu, walipewa na kanisa. Hunisalimu kwa lugha ya kwetu na kuniita lakwet, yaani mtoto.

"Chamgei, lakwet. Hii ukurasa yako leo imeleta alama alama tu, kama kuku imekanyaga wino ikatembea. Ama ile shida ya kompyuta wanasema italetwa na mwaka elfu mbili imefika Siongiroi mapema?"

Sikucheka. Nilikuwa nawaonyesha wageni wa meneja kazi yangu. "Mama, kompyuta si taipureta. Zima, uwashe tena."

"Nimezima mara tatu. Na watu wako hapa kwa lango na ng'ombe."

"Basi unabonyeza vibaya," nikasema, nikaweka simu chini.

Tangazo la siku hiyo lilisema soko la Siongiroi lifungwe, ugonjwa wa miguu na midomo umeonekana. Mama Chelangat hakuweza kulisoma, programu yake ya zamani haikujua kulifungua. Akabandika la wiki iliyotangulia, lililosema soko liko wazi.

Ng'ombe waliuzwa, wakatawanyika. Baba yangu alinunua mtamba mmoja hapo. Nilipofika nyumbani wiki mbili baadaye nilikuta ng'ombe wetu wote wanadondosha mate, hawali, na ndama wawili wameshakufa. Baba alikuwa amesimama zizini. "Huyo mama wa Siongiroi ameniua," alisema. "Si mko kazi moja? Umwambie Mungu anamwona."

Nikajibu, "Nitamwambia, baba."

Kamati ya chama ikakaa, ikamwita Mama Chelangat. Mwenyekiti aliniuliza mimi, kama mtaalamu, "Tangazo lilikuwa kwenye tovuti ama halikuwa?"

"Lilikuwepo," nikasema. Ni kweli lilikuwepo. Nikanyamaza hapo hapo.

"Umesikia, mama? Kompyuta haidanganyi."

"Nilipiga simu," Mama Chelangat akasema.

"Uliongea na nani?"

Aliniangalia hadi nikainamisha kichwa. "Sauti siikumbuki," akajibu. Wakamsimamisha kazi hadi kikao cha mwisho wa mwezi.

Nje alinikuta kwenye bomba la maji. Hakupandisha sauti. "Lakwet, sauti naikumbuka. Nilitaka useme mwenyewe. Wakiniuliza tena, sitasahau."

Mnaweza kuuliza kwa nini sikuondoa ule mbano siku hiyo hiyo. Nikiuondoa, ukurasa utafunguka Siongiroi, na kila mtu atauliza kumebadilika nini. Kwa hiyo uko vile vile. Kila Jumatatu nampigia karani wa muda na kumsomea tangazo, nikisema laini ya intaneti ya upande ule ni mbovu. Anaandika kwa mkono, ananishukuru.

Jumatatu iliyopita mvua iliangusha nguzo ya laini ya kuongelea ya ofisi ya Siongiroi, ikabaki ile ya kompyuta tu. Tangazo lilisema kimeta kinashukiwa upande ule, mtu asichinje wala kula ng'ombe aliyekufa ghafla. Nilipiga simu mpaka ofisi ikafungwa. Mipangilio ile ile ilikuwa mbele yangu kwenye skrini, ingenichukua dakika moja. Lakini nilifikiria kikao, nikafikiria baba, nikaendelea kupiga simu isiyoita.

Jumanne laini ilirudi. Karani alisema amebandika la wiki jana. Nikamsomea hili jipya. Akasema, "Lakini dada, kuna boma moja hapa juu ya soko ng'ombe yao ilianguka jana. Waliichinja, wakagawia majirani."

Nilimwambia akimbie awaambie waende hospitali. Bado hajanipigia. Simu ikilia, mwenzangu ndiye anayeshika.

Nikisema, kazi imekwisha, na baba atajua ni nani aliyeua ndama wake. Nisiposema, mama wa watu ataondoka na jina baya ambalo ni langu, na Jumatatu inakuja. Msiniambie niombe, nimeomba. Ninyi mnaosoma, niambieni nianze kwa nani: kamati, baba, ama huyo mama aliyenifichia sauti? Na mwenye mtu wake Siongiroi, tafadhali, mwambieni asile hiyo nyama.