Njiwa Asiye na Kichwa

Katika chumba chao cha kudarizi palikuwa na mashine moja, kompyuta moja, na wanawake wawili waliopendana vizuri mradi asiwepo wa kubofya kitu. Mkubwa alikuwa mama mkwe, ambaye wateja walimwita Bibi Sindano kwa jinsi maneno yake yalivyochoma. Mdogo alikuwa mke wa mwanawe, binti mchangamfu aliyependa kila kipya kinachotoka.

Kompyuta ile ilikuwa na programu ya kuchorea nakshi, tena mbili. Moja ni ya zamani, aliyojifunza Bibi Sindano kwa jasho alipokuwa tayari anavaa miwani. Nyingine ni toleo jipya alilolileta mkwewe. Faili la nakshi ni lile lile. Ukilibofya mara mbili, linafungukia kwenye programu iliyopewa kazi ya kulifungua. Vita vyenyewe vilikuwa hapo.

Kila jioni, mkwewe akitoka kufagia mlangoni, Bibi Sindano alibofya kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua "Fungua kwa", akaigusa ya zamani, kisha akatia tiki kwenye "Daima". Kila asubuhi mkwewe aliwahi kufika na kuirudisha ya kwake. Hakuna aliyetamka neno. Walivyosalimiana, ungedhani midomo imepakwa asali. Mwana wa watu, yaani mume wa binti huyo, ambaye kazi yake ilikuwa kukata vitambaa, alishaibeba kompyuta mara mbili kwa fundi akidai ina kirusi. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Usicheke ukadhani ni ukaidi mtupu wa mama mkwe. Kwenye toleo jipya vitufe vyote vilikuwa vimehama. Siku alipolijaribu, alitafuta uzi mwekundu mpaka macho yakamtoka machozi. Alijua fika kwamba siku programu ya zamani itakapoondolewa, naye ataambiwa akapumzike nyumbani. Neno hilo, kupumzika, lilimtia baridi kuliko homa. Wala hakumwambia mtu.

Ikaja kazi ya majoho ya kwaya, kila joho na njiwa kifuani. Asubuhi hiyo mkwewe alimchora njiwa kichwa kipya kwenye toleo jipya, akahifadhi, akatoka kununua nyuzi. Bibi Sindano hakuweza kungoja jioni. Akageuza mchana kweupe, akalifungua faili kwa ya zamani, na kwa furaha ya ushindi akalituma kwenye mashine bila kulitazama mara mbili. Kumbe programu ya zamani, ikikutana na kitu kisichokuwepo zama zake, hukiruka kimyakimya.

Mwalimu wa kwaya alipofika kuona joho la kwanza, alilishika, akaliinua, akaligeuza.

"Samahani mama," akasema kwa upole, "huyu njiwa amechinjwa?"

Mwana akachungulia skrini, akapandwa na hasira. "Basi! Hii ya zamani naifuta sasa hivi. Na wewe mama, umechoka. Si vibaya ukapumzika."

Bibi Sindano, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu azaliwe, akaanza kutafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

Mkwewe alikuwa ameshaingia na nyuzi zake. "Mwache mama. Njiwa nimemkata kichwa mimi. Nilimchora kwenye mpya, sikumwambia."

"Lakini kompyuta inajibadilisha yenyewe!" akang'aka mwana. "Kila siku!"

"Haijibadilishi. Kila asubuhi nageuza mimi."

"Na kila jioni nageuza mimi," akadakia Bibi Sindano, sauti imemrudia.

Mwana akaketi juu ya marobota ya vitambaa. "Kwa hiyo kirusi ni nyinyi?"

Mwalimu wa kwaya akakohoa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hata hivyo naifuta," mwana akasema, akasogelea kipanya.

"Ifute," mkewe akamjibu. "Ukimaliza, uniletee mtu mwingine wa kuniambia maua yangu yamekaa kama kuvu ya mkate. Mimi namchokoza tu mama. Kumtoa hapa, sijawahi kuwaza hata siku moja."

Bibi Sindano akageukia mashine, akajifanya anapanga nyuzi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kichwa cha njiwa wakakishona, safari hii wakitumia toleo jipya. Wakapatana kwamba tangu siku hiyo hakuna kubofya mara mbili: kila mtu afungue kwanza programu yake, kisha alitafute faili humo ndani, na nakshi ya mmoja isihifadhiwe juu ya ya mwenzake. Ulikuwa mpango wa watu wazima kabisa.

Jioni ilipofika, mkwewe alifagia, akazima taa ya nje, akasimama mlangoni na kufuli mkononi.

"Mama, umeshageuza? Nifunge?"

"Bado kidogo, mwanangu."

Mkwewe akangoja, akitazama barabarani, asije akaona.