Saa Inayokula Jua, Kutoka Tunduma Hadi Ikinga

Niliondoka Iringa kwa sababu ya jogoo. Dada yangu Tusekile, aliyeolewa Ikinga huko Ileje, alikuwa ameniandikia hivi: "Mdogo wangu, yule jogoo wa jirani aliyekuwa akinipa alfajiri, nami nikahesabu kuanzia hapo, wamemchinja msibani. Wiki hii nimekosea saa ya dawa mara mbili. Redio ilishakufa. Muuguzi amesema nikichezea saa, dawa zitashindwa. Usimwambie mtu."

Dada alikuwa mjane wa mwaka mmoja. Dawa zenyewe ni zile za kurefusha maisha: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku, kila siku ya Mungu. Katika nyumba ya marehemu mumewe hakuna aliyejua, hata mama mkwe aliyekuwa akilala naye chini ya bati moja. Dada aliamini kwamba siku mama yule akijua, atasema huyu ndiye aliyeniulia mwanangu, kisha atamtoa nje, yeye na binti yake Neema. Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili ya kuogopa kabla hata sijafunga begi: saa, na siri.

Niliambiwa Tunduma zinauzwa saa za mkononi zinazojichaji kwa jua, zisizohitaji betri ya kubadilisha. Kule Ikinga betri ya saa haipatikani, na kuifuata mjini ni nauli na siku nzima. Nikaona nimepata jibu.

Basi lilitoka Iringa kukiwa bado na giza. Makambako tulikunywa chai kwa kusimama. Mbeya baridi ilipanda kupitia sakafu ya basi ikanishika magoti. Tulipofika Mlowo jua lilikuwa limeanza kulala, na kando ya barabara kuu wanunuzi walikuwa wakipima mahindi na maharage, magunia yamesimama kama watu waliopanga foleni. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu aliniuliza naenda wapi. Nilipomjibu Tunduma, akatazama mikono yangu, kisha begi langu.

"Una kitu cha maana humo?"

"Hapana, mama."

"Ukiwa nacho, usionyeshe. Tunduma wanakuvua soksi na kiatu umevaa."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Tunduma, asubuhi iliyofuata, malori yalikuwa yamepangana kuelekea mpakani, moja nyuma ya lingine, hata mwisho wake sikuuona. Nilipita katikati ya wabadilisha fedha nikiwa nimeshika mfuko wa suruali kwa mkono mmoja kama mtu mwenye ngiri. Duka nililoelekezwa lilikuwa la Mzee Shabani, mtu wa Kondoa, mwenye kofia nyeupe na miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa akimsalimu mteja wa upande wa Zambia kwa lugha ya kwao, "mulishani", halafu akanigeukia mimi kwa Kiswahili cha kwao, cha polepole.

Akatoa saa nyeusi katika kabati la kioo. Namba zake zilionekana kwa shida, nyembamba kama maandishi ya penseli.

"Mbona imefifia?" niliuliza.

"Ina njaa. Imekaa kabatini miezi. Hii bwana haili betri, inakula mwanga. Ndani ina kibetri chake, jua linakijaza. Ipe siku tatu za jua la maana, kisha hata ukikaa na mawingu itakuvumilia."

"Naiweka juani tu?"

"Hiyo tu ndiyo watu wanaiharibu. Jua la asubuhi, sawa. Jua la jioni, sawa. Saa saba mchana juu ya bati, umeichoma. Wala usiiweke karibu na moto ukadhani moto ni jua. Kioo kifute kwa kitambaa laini, vumbi linaizibia chakula. Na huyo atakayeivaa asiifunike kwa mkono wa sweta. Ukiificha, inalala. Ukizidi kuificha, inasahau saa kabisa."

Akaitega mbele yangu iwe inalia mara mbili kwa siku. Nilimsikiliza vizuri. Nalisema hili kwa sababu siwezi kujitetea kwamba sikuambiwa.

Nilitoka dukani nikaona kila jicho la Tunduma linaitazama saa ile. Kijana aliyeegemea nguzo alinisabahi, nikaongeza mwendo. Nilipofika nyumba ya wageni nilifunga mlango, nikaifunga saa ndani ya soksi, soksi nikaitia ndani ya kopo la unga wa lishe niliomnunulia Neema, nikafukia. Nilijisikia mjanja.

Siku ya tatu ya safari nilirudi nyuma hadi Mpemba, ambako malori ya Ileje huchukua abiria. Niliketi juu ya magunia ya chumvi. Barabara ya vumbi ilipanda na kushuka milima, na kila tuliposhuka dereva alizima injini ili kuokoa mafuta. Tuliteremka kimyakimya, upepo tu masikioni, na abiria waliacha mazungumzo. Kwenye mteremko wa tatu kitu kilivunjika chini yetu. Lori liliserereka hadi kwenye ukingo wa udongo, likakaa hapo. Tulilala njiani siku mbili tukisubiri kipuri. Kopo lilikuwa mapajani mwangu muda wote. Jua liliwaka siku zote hizo mbili, safi, la bure, nami nililifunikia kopo langu koti ili lisionekane.

Siku ya tano, mchana, lori liliponiteremsha njiani, nilifika Ikinga kwa miguu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukakaa juu ya migomba. Dada alinipokea uani kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda shingoni. Mama mkwe wake, ambaye majirani humwita Mama Ambakisye, alinyoosha mgongo kutoka kwenye vichanja vyake vya kuanikia kahawa, akanisalimu kwa Kindali kisha kwa Kiswahili, akaniuliza habari za nyumbani mpaka za mifugo nisiyokuwa nayo, akarudi kwenye kazi yake.

Chumbani nilifukua unga. Nikafungua soksi.

Kioo cha saa kilikuwa cheupe. Hakuna namba hata moja.

Dada aliibonyeza vitufe vyote, akaisogeza sikioni kama watu wanavyofanya kwa saa za zamani. "Imekufa?"

"Imelala."

"Itaamka lini?"

Nilitazama dirishani. Ukungu. Simu yangu haikuwa na mtandao pale, lakini saa yake ilikuwa sawa, na betri ilikuwa imebaki vijistari viwili, wala umeme wa kuichaji haukuwepo. Nikaizima. Tukakubaliana nitaiwasha mara mbili kwa siku, dada ameze dawa, niizime. Nilipiga hesabu: siku mbili, labda tatu. Baada ya hapo tungekuwa tumerudi kwa jogoo aliyechinjwa.

Siku ya sita jua halikutoka. Niliiweka saa dirishani, nikaihamishia mlangoni, nikaitundika kwenye kamba ya nguo. Mchana vijistari vya simu vilikuwa kimoja. Hofu ikanifanya mjinga. Nikaingia jikoni, nikaisogeza saa karibu na mafiga, kioo kikitazama moto, nikachuchumaa mbele yake kama mtu anayeota.

Mkono ulitokea nyuma yangu ukaibeba.

"Unachoma nini wewe?" alisema Mama Ambakisye. Mkanda wa plastiki ulikuwa umeanza kunuka.

"Nilitaka ipate mwanga, mama."

"Huu ni mwanga? Huu ni moto. Kitu kilicholala kwenye unyevu hakiamshwi kwa moto. Mwaka fulani mjinga mmoja hapa alikausha kahawa yake jikoni, mnunuzi akainusa tu, akamrudishia na gunia." Aliigeuza saa, akaifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akanitazama. "Tangu jana mnazunguka na hiki kitu kama kifaranga mgonjwa. Saa ya nini? Nyumba hii nani ana ofisi?"

Nilitafuta uongo. Nilikuwa nao kadhaa, nimeutunga juu ya magunia ya chumvi. Dada alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Aliiweka chini taratibu bila kumwaga.

"Ya dawa, mama," alisema.

"Dawa gani?"

"Zile za kliniki. Zile ambazo baba Neema alikataa kwenda kuchukua."

Moto ulilia. Mama Ambakisye aliitazama saa iliyokuwa kiganjani mwake, kana kwamba kulikuwa na namba. Kisha alitoka nje nayo. Dada alikaa chini pale pale, kwenye majivu, akaniambia kwa sauti ndogo, "Kafunge begi la Neema."

Nilitoka kwanza. Mama mkwe alikuwa akipanda kwenda kwenye kichanja cha juu kabisa, kile kilicho kwenye mgongo wa kilima, zaidi ya migomba. Nilimfuata. Aliitandaza saa katikati ya kahawa, kioo juu, kama punje moja kubwa.

"Hapa ndipo ukungu hupasuka kwanza," alisema bila kunitazama. "Kesho ukiamka mapema utaona. Saa sita tunafunika. Saa tisa tunafunua. Kama kahawa."

Usiku ule hakula nasi. Alikula jikoni peke yake, na mlango aliurudishia. Begi la Neema lilikaa chini ya kitanda, limefungwa.

Siku ya saba ukungu ulipasuka kama alivyosema, kwanza juu kabisa, upana wa mkeka mmoja. Mama yule aligeuza kahawa kwa viganja, na kila alipopita katikati aliigeuza na saa kuelekea jua. Mchana aliifunika kwa kanga kuukuu pamoja na mazao yake. Jioni kulikuwa na kivuli cha namba, hafifu, zikiwaka na kuzimika. Zilikuwa za uongo. Saa ilikuwa imesahau, ikianza kuhesabu upya kutoka mwanzo. Siku ya nane, kabla ya adhuhuri, zilisimama imara. Niliwasha simu, nikairekebisha saa kwa kuitazama simu, nikaitega upya. Simu ilizima yenyewe kabla sijaishusha mkononi.

Siku zote hizo Mama Ambakisye hakuzungumza na dada zaidi ya "lete ungo" na "ondoa kuku". Hatukujua kama ni huzuni au ni hukumu inayopikwa.

Asubuhi ya tisa, siku yangu ya kuondoka, majirani wanne walikuwa wamekuja kusaidia kuchambua kahawa. Saa ilikuwa kwenye kichanja, ikila. Dada alikuwa chini uani anaosha vyombo. Saa mbili kamili ikalia, kali, bila aibu, mbele ya watu wote. Mikono yote ilisimama. Nilimwona dada akiganda na sufuria mkononi.

Mama mkwe aliinua kichwa. "Mama Neema!" aliita, sauti ikashuka kilima chote. "Saa yako inalia. Kunywa dawa uje, kahawa hii haitajichambua."

"Dawa ya nini tena?" jirani mmoja aliuliza, jicho pembeni.

"Ya kwake. Wewe ya kwako ya mdomo umeshakunywa?"

Wengine wakacheka. Jirani hakucheka, na jinsi alivyoinama tena kwenye kahawa iliniambia kwamba kabla ya jioni Ikinga nzima itakuwa inajua. Dada aliingia ndani. Alipotoka alipanda hadi kichanjani, akaivaa saa, akakunja mkono wa sweta mpaka kwenye kiwiko.

Mama Ambakisye alinisindikiza hadi njia panda. "Mvua zikianza," aliniuliza, "jua tutalipata wapi?"

Nilimwambia alivyosema yule mzee wa Tunduma: ikishiba sasa, itavumilia mawingu.

"Basi tuishibishe," alisema, akageuka na kurudi.

Nilipita Mlowo tena nikiwa kwenye kiti cha dirishani, mtu yule yule mwoga. Woga haukuniisha, namwogopea dada kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya jirani yule, kwa ajili ya kila mwezi ambao kliniki inaweza kumwambia dawa hazijafika. Nilichojifunza ni kimoja: niliifukia saa ile kwa sababu niliipenda, na kufukia huko ndiko kulikokaribia kuiua. Sasa ikifika saa mbili usiku, popote nilipo, ninanyamaza kidogo. Najua kule Ikinga kuna kitu kinalia, na wanaokingoja ni wawili, dada na mama mkwe wake.