Udi wa Dukani na Ubani wa Kaisari

Siku yangu ya kwanza kama katekista hapa Dubai, Paroko alinionyesha chumba cha nyuma ya kanisa, viti vya plastiki na ubao mweupe, kisha akasema, "Mwalimu Tabitha, usianze kwa kuwauliza wanaamini nini. Waulize wanafanya kazi gani."

Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimetoka Machakos na diploma ya historia ya Kanisa, kichwa kimejaa mabishano ya Aleksandria na Karthago. Lakini Paroko alijua alichosema. Katika miji ya Warumi, mkatekumeni, yaani mtu anayefundishwa kabla ya ubatizo, aliulizwa kazi yake mapema kabisa. Mchonga sanamu za miungu aliambiwa aache. Mwalimu wa watoto, aliyelazimika kusimulia habari za miungu hiyo darasani, alivumiliwa kama hakuwa na ufundi mwingine. Wanafikra wa Kanisa la kale hawakukaa mawinguni. Walijadili mtu anunue nini sokoni na akatae nini kazini.

Basi nikauliza. Niliuliza walinzi, wapishi, wafua nguo wa hoteli. Baadaye nikahamishiwa mtaa wa Rashidiya, humu humu jijini, chini ya Mratibu wa Katekesi, msomi kutoka Kampala asiyependa kupingwa. Mimi pia sipendi, kwa hiyo tulielewana kwa shida.

Huko ndiko nilikompata Mwende, mama wa watoto wawili aliyeuza vitambaa Deira. Nikamuuliza kazi yake.

"Nafungua duka, nafagia, halafu nawasha udi mbele ya picha ya mungu wa madam. Kila asubuhi."

Mratibu, aliyekuwa ameketi pembeni, akasimama. "Huyu hawezi kubatizwa Pasaka. Wakristo wa kwanza walikufa kwa kukataa kuweka chembe ya ubani mbele ya sanamu ya Kaisari. Aache kazi, au asubiri."

Mwende akaanza kulia. "Mwalimu, madam ndiye kafeel wangu, mwajiri aliyenidhamini. Nikikataa, khalas, visa imeisha, na watoto wako shule."

Nilipandwa na hasira, ingawa historia ya Mratibu ilikuwa sahihi. Waliofukiza ubani ule waliitwa walioanguka, na Kanisa liligombana sana kuhusu kuwapokea tena. Lakini Wakorintho nao waliwahi kubishana juu ya nyama iliyotolewa kwa miungu, na mtume wao hakuwajibu kwa sheria moja tu. Aliwataka waangalie nani yuko mezani na dhamiri yake inasemaje.

"Sir," nikamwambia, "liwali wa Kirumi alitaka watu waikane imani yao. Huyu madam naye anataka nini?"

"Inajulikana."

"Nani amemuuliza?"

Mratibu akaketi tena.

Asubuhi iliyofuata niliongozana na Mwende hadi dukani. Madam alikuwa Mhindu mtu mzima aliyezaliwa Unguja, na Mwende alimwambia yote kwa pumzi moja. Madam akavua miwani.

"Kumbe unapowasha huombi?"

"Siombi, madam. Nawasha tu, kama vile nafagia."

"Basi usiuguse tena, mwanangu. Ile sala yangu, si usafi wa duka. Magoti yananiuma ndo nikakuachia, nikidhani watia moyo wako humo. Nani ataka sala ya mtu asiyeomba? Nishushie rafu ile tu, niifikie nimekaa."

Tukaishusha wote wawili. Nilipomsimulia Mratibu, alijipapasa kidevu, kisha akasema, "Inshallah, Pasaka." Mwende akabatizwa Pasaka, nami nilifurahi kuliko siku niliyopata diploma.

Sasa nimestaafu, nakaa Al Twar kwa binti yangu. Makatekista vijana hunijia wakitaka kujua wasome mwanafikra yupi. Nawaambia wasome wote, na wasiwaogope. Watu waliowaandikia walikuwa na waajiri kama sisi.

Darasa langu la kwanza, lile la nyuma ya kanisa, sasa analifundisha Mwende. Juzi niliketi nyuma nikamsikia akimuuliza mlinzi mgeni kazi yake. Mlinzi akaeleza, kwa woga, jambo ambalo bosi wake humwagiza kulifanya. Mwende hakugusa kitabu.

"Umemuuliza anataka nini?"

"Hapana, Mwalimu. Naogopa."

"Sawa. Kesho tunaenda wote."