Betri Moja, Mashine Mbili

Enzi zetu pale Miteja, nguzo za umeme zilikuwa bado zinapita kwenye hotuba za wagombea tu. Nyumba yetu ilikuwa na betri moja ya gari, kuukuu, na kila kilichowaka kiliitegemea hiyo hiyo: balbu ya sebuleni, redio ya Bibi, simu ya Baba, na tivii ndogo ya chogo isiyo na rangi. Kila Ijumaa asubuhi Baba aliifunga betri nyuma ya baiskeli kwa mpira, akaenda kuichaji Nangurukuru, akarudi nayo imejaa. Mtoto wa leo ukimwambia chaji imebaki kidogo, anatafuta waya. Sisi tulitafuta adabu.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka msimu wa korosho ulivyokuwa. Wakubwa wanashinda shambani wanaokota, nyumbani mnabaki watoto na kuku. Sisi Jumamosi tulikuwa na chuo cha Kurani, kwa hiyo shamba tuliliepuka kihalali kabisa. Tukitoka kwa Maalim na mbao zetu za kuandikia mkononi, tunacheza rede mpaka jua linachoma utosi, tunakula mabibo mpaka koo linakwaruza na gauni linaingia madoa ambayo Mama aliyafikicha kwa sabuni huku akinisema mimi na mkorosho wote. Halafu tunaingia ndani kucheza gemu.

Mashine ya kwanza ya gemu aliileta mjomba kutoka Kariakoo. Ndogo, nyepesi kama boksi tupu la chaki, unachomeka kaseti juu yake na kaseti nyingine lazima uipulize kwanza ndiyo isome. Ya pili aliituma baba yake Twaha. Twaha ni mtoto wa shangazi yangu, tulilelewa naye pamoja, tumepishana miezi minne, na mpaka leo hajawahi kukubali jambo nililolisema mimi kwanza. Mashine yake ilikuwa kubwa, ya sahani, mtumba wa Ulaya, na haikuwaka bila inveta, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo. Ukiiwasha inapiga mluzi, halafu feni yake inaanza kunguruma.

"Somoe, sikiliza!" Twaha alikuwa akisema, ameweka sikio juu yake. "Hiyo ndiyo mashine bwana. Yako imekaa kimya kama inaumwa."

Na usimcheke. Kijijini kwetu nguvu ya mashine ilijulikana kwa kelele. Mashine ya kusaga iliyosikika mpaka ng'ambo ya bonde ndiyo iliyopelekewa mahindi, hata kama ilikuwa inasaga na mchanga. Mimi nikabisha. Tukachukua kisu cha mezani, tukazifungua zote mbili kutazama akili zao, maana neno prosesa tulikuwa hatujalisikia. Ya kwake ilikuwa na kipande cha mraba kimebanwa bati juu yake, na feni ya kukipuliza. Ya kwangu ilikuwa na tone jeusi tu kwenye kibao, mithili ya lami iliyodondoka. Twaha alicheka mpaka akakaa chini.

"Akili yenyewe tone la lami!"

Nilikasirika. Nikamwambia tone langu halihitaji kupepewa, na betri ikijaa ya kwangu itacheza muda mrefu kuliko yake. Akasema thubutu. Nikasema tupime.

Sasa hapo lazima niwaeleze habari ya Bibi. Sheria ya Baba ilikuwa saa moja ya gemu kila Jumamosi, basi. Na sababu ya sheria hiyo ilikuwa redio ya Bibi. Kila jioni, baada ya Magharibi, Bibi alisikiliza matangazo ya vifo, na wakati huo hata kikohozi ulikimeza. Alikuwa na dada mmoja tu aliyebaki, Bi Mwanahawa, kule Sudi, na tangu mvua za vuli habari zilikuwa kwamba Bi Mwanahawa anaumwa. Walishaahidiana tangu usichana wao, atakayebaki ndiye atakayemuosha mwenzake. Bibi alilisema hilo mara nyingi, bila huzuni, huku akifuma vitambaa vyake vya mezani. Kimoja kilifunika tivii.

Jumamosi ya kwanza tukapima yangu. Tumetoka chuo saa nne, tukacheza kwa zamu mpaka adhana ya Alasiri, macho yamekuwa mekundu, na picha bado imesimama vizuri kwenye kioo. Jioni balbu ikawaka, redio ikasema. Hakuna aliyejua.

Jumamosi ya pili tukapima ya Twaha. Tivii ileile, betri ileile iliyojaa jana yake, saa ileile ya kuanza. Kabla ya Adhuhuri picha ikaanza kusinyaa pembeni, ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, ikazimika. Mashine yenyewe ilikuwa ya moto usingeweza kuishika chini. Nilirukaruka, nikapiga vigelegele, nikazunguka nyumba. Twaha akasema betri ndiyo mbovu. Tukarudisha waya zote mahali pake, nikaifunika tivii, tukatoka kucheza rede kama watoto wa watu.

Jioni balbu haikuwaka, tukawasha kibatari. Bibi akazungusha kifungo cha redio, kimya. Akagonga ubavuni, kimya. Baba akaweka simu yake kwenye chaji, haikuitika. "Betri imechoka hii," akasema, "Jumatatu nitaipeleka." Twaha alikuwa anatazama miguu yake. Mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ningelisema, Bibi angejitupia kanga yake akaenda kusikiliza kwa jirani, nyumba ya nne kutoka kwetu, na mimi ningechapwa fimbo mbili tatu na mambo yakaisha. Niliziogopa fimbo. Nikanyamaza.

Kesho yake, kama saa tatu, Bibi alikuwa uani anamenya mihogo. Akaingia Mama Zuhura, yule jirani, amejifunika vizuri.

"Shikamoo Bibi. Poleni na msiba. Mbona bado mpo? Mimi nilijua mmeshapanda malori ya samaki ya alfajiri."

"Marahaba," Bibi akajibu. Kisha, "Msiba wa nani?"

Mama Zuhura akashika mdomo. Bi Mwanahawa wa Sudi, redioni jana, mazishi leo Alasiri. Bibi aliweka kisu ndani ya beseni, akanawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akaingia ndani kufunga kifurushi cha safari. Basi lililopita saa tano ndilo lililomchukua yeye na Baba. Baadaye tuliambiwa walifika Sudi baada ya Magharibi, udongo wa kaburi bado mbichi. Walimpigia Baba usiku ule wote, simu haipatikani. Wapwa wa mumewe Bi Mwanahawa ndio waliomuosha.

Bibi alirudi baada ya arobaini. Nilikuwa nimekonda, watu wakidhani ni homa. Alitusalimia wote, akala, akaniita chumbani kwake. Alikuwa amekaa kitandani, ameshika kile kitambaa cha tivii.

"Somoe. Ipi ilishinda?"

Nilifikiri nimesikia vibaya. Akarudia. "Mashine zenu. Ipi ilishinda?"

"Ndogo, Bibi," nikasema, na machozi yakaanza.

"Basi ulikuwa sahihi."

Wallahi, sijawahi kuchukia kuwa sahihi kama siku ile. Kisha akanionyesha kitambaa, upande wa mafundo. Akasema jioni ile alikiona juu ya tivii kimegeuzwa, mafundo juu, ua chini, akajua tumecheza na betri tumeimaliza sisi. "Nikasema moyoni, waache, watoto ni watoto, redio ya siku moja si kitu. Ningeweza kwenda kwa Mama Zuhura. Uvivu tu." Akakikunja. "Kwa hiyo usilie peke yako."

Hakunichapa. Alimwambia Baba mashine kubwa irudishwe ilikotoka, ndogo ibaki, na sheria ya saa moja ikaendelea kama zamani. Twaha hakubisha. Bibi aliishi miaka saba zaidi, na nilikuwa miongoni mwa waliomuosha.

Leo nina duka dogo Lindi mjini, nauza na kutengeneza kompyuta za mtumba. Juzi alikuja kijana kutoka Rondo, amepata chuo, wazazi wameuza korosho wamempa hela ya laptop. Hakuamkia. Akasema, "Niaje dada, nataka mashine ya hatari." Nikamwekea mbili mezani. Moja prosesa yake inakula wati sita, haina hata feni; itaandika, itasoma, itaonyesha video, lakini gemu kubwa itakushinda, sikufichi. Nyingine inakula wati arobaini na tano, gemu lolote inafungua, na mapajani utaoka mhogo. Akaiwasha ya pili, feni ikanguruma, akatabasamu. Nikamuona Twaha yule yule.

Nikamuuliza nyumbani wanatumia nini. Sola, akasema, paneli moja. Na nani mwingine anaitegemea? Akanishangaa kama nimemuuliza kabila la babu yake. Akafikiri. Bibi yake, akasema, ana simu ya tochi, huichaji hapo.

Nikamwambia achukue ya wati sita. Akasema haina kasi. Nikampunguzia bei mpaka hasara yangu ikaonekana, akaichukua huku ananung'unika. Sikumweleza kwa nini. Vijana hawa wana haraka, na habari yenyewe ni ndefu.

Siku hizi msiba unafika kwenye simu kabla hata maiti hajafikishwa nyumbani. Kundi la ukoo linalia kengele, watu themanini wanaweka alama ya mikono iliyokutana, kila mtu amejua, na wanaofika ni wanane. Sisi tulikuwa na betri moja na tukachelewa kwa sababu hatukujua. Sijui hawa wakiulizwa watasema nini.

Kitambaa cha Bibi ninacho dukani. Jioni nikifunga nakitandika juu ya kompyuta yangu, ua juu, mafundo chini, na huwa nakitazama mara mbili kabla sijazima taa.