Niliwapa wanafunzi homework ya kupima sado, mama mmoja akaja nayo ofisini

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi niko Chimala, na hili limenitokea mwenyewe, sitii chumvi.

Nafundisha hesabu sekondari moja ya kanisa. Mkuu wa shule anataka kila kipindi kiguse Biblia. Miaka yote nilikuwa naandika mstari mmoja pembeni ya ubao, tunausoma, halafu tunaendelea na hesabu zetu.

Kiini macho tu, nakiri.

Mwaka huu form two tukafika topic ya volume. Nikaona hapa sasa pana kitu. Nikawaambia Biblia inakataa vipimo vya uongo, kisha nikatoa homework: kila mtu apime kwa maji sado ya kwao. Ile ndoo ndogo ya rangi tunayopimia mchele, inatakiwa iingie lita nne.

Jamani, sikufikiria mbali. Hapa nusu ya wazazi wanauza mchele barabarani.

Kesho yake nilipouliza majibu, mwanafunzi wangu Rehema hakunyoosha mkono. Daftari lake lilisema lita tatu na nusu. Mama yake, kiongozi wa kwaya, alikuwa amepasha moto kitako cha sado kikaingia ndani, mteja anapunjwa bila kujua.

Binti akaniambia kwa sauti ndogo kwamba alimuuliza mama, na mama kasema atamhamisha shule. Niliumia sana. Huyu ndiye anayeongoza darasa kwa hesabu.

Ijumaa mama akaja, sado mkononi. Nikajiandaa kutukanwa.

Akaiweka mezani. Ilikuwa mpya, kitako kimenyooka. Ile ya zamani, akasema, sasa wananywea maji kuku.

Nikashusha pumzi, nikaanza kumpongeza. Akanikatisha kwa upole:

"Mwalimu, Rehema anasema kipindi chako ni dakika themanini, na kila siku unaingia umechelewa kumi na tano. Hicho nacho si kitako kilichoingia ndani?"

Huwa nasingizia usafiri wa kutoka Igawa. Ukweli ni chai ya staff room.

Rehema hajahama. Siku hizi naingia kabla ya kengele, na yeye ndiye anayeangalia saa, hana huruma hata kidogo.

Nilichojifunza: ukiwaambia watoto waunganishe masomo na Biblia, wataunganisha kweli, na wewe hawakuruki.

Walimu na wazazi humu, nani mwingine keshapimwa na mtoto? Karibuni, leo nakubali hata kuchekwa.